Muulize Mkutubi: Kijiji Kisicho na Kitabu

SWALI: Shikamoo Mkutubi. Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari wilayani Muheza. Ningependa wanafunzi wangu waandike historia ya kijiji chetu, ambacho wazee wanasema kilianza kama kambi ya wakata mkonge. Nilikwenda katika maktaba moja ya umma nikaomba kitabu cha historia ya kijiji hicho, nikajibiwa kwamba hakuna. Je, tuache? – Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Msiache. Jibu ulilopewa huenda ni la kweli, kwa kuwa vijiji vyenye kitabu chake chenyewe ni vichache mno nchini, lakini halikupaswa kuwa mwisho wa mazungumzo. Kazi ya mkutubi wa marejeo ni kukaa na msomaji, kumuuliza anachotaka kujua hasa, kisha kulipanga upya swali lake lilingane na namna habari zilivyohifadhiwa. Habari za kijiji chako hazikuwekwa chini ya jina la kijiji. Zimetawanyika chini ya jina la shamba, la kampuni iliyolimiliki, la stesheni ya reli iliyo karibu, la wilaya na la zao lenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kurudi maktaba, waulizeni wazee mambo mawili tu: shamba liliitwaje, na wenyewe walikuwa nani. Ukiwa na majina hayo, miaka itakusaidia kujua utafute wapi. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Reli hiyo ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na mashamba mengi yalifunguliwa kandokando yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri vibarua iliyojulikana kama SILABU, ambayo iliwaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka sehemu za mbali kama Kigoma na Songea. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Kila badiliko la namna hiyo lilibadilisha pia jina ambalo shamba linaandikwa nalo katika kumbukumbu, na ndiyo maana mtu anayetafuta kwa jina moja tu hukutana na pengo la miaka mingi akadhani hapakuwa na kitu.

Katika rafu za maktaba inayotumia mpango wa Dewey, yaani wa kupanga vitabu kwa namba za mada, historia ya Tanzania Bara iko kwenye namba 967.82, lakini usiishie hapo. Vibarua wamo katika 331, reli katika 385, na mkonge pamoja na mazao mengine ya nyuzi katika 633.5. Omba pia kuonyeshwa ripoti za sensa, hasa za mwaka 1948, 1957 na 1967, na matoleo ya jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936 na kuchapisha makala nyingi kuhusu maeneo madogomadogo ambayo hayakuandikiwa vitabu. Kama maktaba ya karibu nawe haina matoleo hayo, uliza katika Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, au katika mkusanyiko wa vitabu vya Afrika Mashariki ulioko kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Magazeti ya zamani yanastahili subira yako. Kiongozi lilikuwa likichapishwa Tanga kwa Kiswahili tangu mwaka 1904, na Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilijaa barua, mashairi na habari fupi kutoka kwa wasomaji wa wilayani. Mimi huwaambia watafiti wachanga kwamba mistari minne ya msomaji wa wakati ule kuhusu njaa, nzige au mgomo ina uzito kuliko kurasa kumi za mtu aliyeandika baadaye bila kufika mahali penyewe.

Yale ambayo hayakuchapishwa hayako maktaba bali katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Huko kuna majalada ya serikali za Mjerumani na Mwingereza, pamoja na Vitabu vya Wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza walikuwa wakiandika habari za koo, watawala wa jadi, kodi, mazao na mipaka. Visome kwa uangalifu, kwa sababu mwandishi wake alikuwa mtawala na mara nyingi alimsikiliza mtu ambaye serikali ilitaka kumtumia, si kijiji kizima. Andika pia majina ya zamani ya miji katika daftari lako: Lushoto iliandikwa Wilhelmstal katika hati za Kijerumani, na Tukuyu ikaitwa Neu Langenburg. Mipaka ya wilaya nayo imebadilika mara kadhaa, kwa hiyo usishangae ukiikuta habari ya Muheza ndani ya jalada la Tanga. Zaidi ya hayo, kumbuka uhamisho wa watu wa miaka ya 1974 hadi 1976 wakati wa Operesheni Vijiji. Kijiji kinachoonekana leo barabarani huenda hakikuwa hapo mwaka 1970, na watu wake walitoka sehemu tatu au nne tofauti ambazo kila moja ina historia yake.

Jambo la mwisho kwako, Mwalimu: wanafunzi watakapowahoji wazee, waandike jina la mzee, tarehe, mahali na maneno yake kama alivyoyasema, wapate idhini yake, kisha nakala moja ipelekwe Maktaba ya Mkoa wa Tanga. Atakayeuliza swali kama lako miaka ishirini ijayo asiambiwe tena kwamba hakuna.

SWALI: Kwa nini kamusi kubwa, atlasi na ensaiklopidia haziazimwi, hata kwa usiku mmoja? – Mwanafunzi, Lushoto

JIBU: Mwanangu, kitabu cha marejeo husomwa kwa dakika chache na watu wengi, tena mara nyingi ni nakala pekee iliyopo katika wilaya nzima. Kikiwa nyumbani kwako usiku mmoja, wengine wote hawakipati. Nakili unachohitaji, au omba ruhusa ya kutoa kivuli cha kurasa chache, na uandike daima jina la kitabu, mwaka na ukurasa.

SWALI: Marehemu baba yangu alikuwa na studio ya picha Ngamiani, mjini Tanga, tangu kabla ya Uhuru. Ameacha masanduku ya picha na negativu za harusi, timu za mpira na vikundi vya taarabu. Ndugu zangu wanataka vitupwe kwa kuwa nyumba inauzwa. Je, maktaba inaweza kuvipokea? – Mama Salma, Tanga

JIBU: Pole kwa msiba, Mama Salma, na tafadhali wazuie ndugu zako. Mji wa Tanga ulikuwa na vikundi vya taarabu kama Black Star na Lucky Star, bendi kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, klabu kama Coastal Union na African Sports. Maisha hayo yaliandikwa kidogo sana, na sehemu kubwa ya ushahidi wake imo katika masanduku ya watu kama marehemu baba yako.

Msivipange upya. Mpangilio aliouacha mwenyewe, hata ukionekana kama fujo, unaweza kuonyesha picha zipi zilipigwa siku moja. Viondoeni kwenye unyevu na jua, viwekeni katika bahasha za karatasi badala ya mifuko ya plastiki, na msitumie gundi wala selotepu. Negativu zinazonuka kama siki zimeanza kuharibika, kwa hiyo zitengeni na nyingine na mseme mapema ili zinakiliwe kwanza. Daftari la wateja, kama lipo, lina thamani sawa na picha zenyewe.

Kazi ya haraka kuliko zote ni majina. Kaa na shangazi na majirani walio hai, mwandike nyuma ya kila picha, kwa penseli laini na bila kukandamiza, nani yuko kushoto, nani kulia, wapi na lini. Penye shaka, wekeni alama ya kuuliza.

Kisha mwone mkutubi wa mkoa ukiwa na picha chache za mfano, si masanduku yote. Muulize kama wana chumba kinachofaa. Kama hawana, Nyaraka za Taifa ndiyo njia ya pili. Popote mtakapokubaliana, pawepo hati inayosema mmetoa au mmeazimisha, nani atakuwa na haki ya kuzichapisha, na kama familia itapewa nakala. Picha za harusi zina watu ambao bado wako hai, na hati hiyo inaweza kuweka muda ambao hazitaonyeshwa hadharani. Msikabidhi chochote kabla haijatiwa saini na pande zote mbili.