Maji Yetu Yalikuwa Matamu, Meno ya Binti Yangu Yakageuka Kahawia

Juzi usiku dada mmoja wa Njoro ameniandikia: "Mama Ciru, tumechimba kisima, maji ni masafi mpaka unaona chini ya ndoo, na nachemsha vizuri. Si hata mtoto anaweza kunywa?" Nimeisoma hiyo meseji mara tatu na usingizi ukapotea, kwa sababu hayo maneno nilikuwa nayasema mimi mwenyewe mwaka wa 2012, kabla sijajua kuwa maji masafi yanaweza kubeba floraidi, madini ya kwenye mawe.

Sisi tuko upande wa Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Kabla ya kisima tulikuwa watu wa maji ya mkokoteni, na kama umewahi kulea mtoto mchanga ukihesabu mitungi unajua ninachosema. Siku maji yaliporuka mume wangu alikunywa kikombe kizima mbele ya mafundi, majirani wakaja na mitungi yao, mama mkwe akaomba pale pale kwenye matope. Ciru alikuwa na miezi 6. Hakuna aliyeuliza kuna nini ndani ya hayo maji, yalikuwa baridi, matamu, hayana rangi, basi.

Mwaka wa 2019 Ciru akaanza kung'oka meno ya utoto. Yale ya mbele ya ukubwani yakatoka na mistari myeupe kama chaki, halafu baada ya miezi kadhaa ile mistari ikageuka kahawia. Nikamlaumu mtoto. Nilikuwa nasimama naye kwa sinki asubuhi na jioni, sugua, sugua tena, mpaka ufizi ukatoa damu, na hiyo bado inaniuma hadi leo. Daktari wa meno alipomfungua mdomo hakumaliza hata dakika, akaniuliza kitu kimoja tu, mnakunywa maji ya wapi.

Ni floraidi. Huku Bonde la Ufa maji ya chini yanapita kwa mawe ya volkeno na kuibeba. Kidogo inasaidia meno, ikizidi inaharibu jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya, yaani ule mswaki wote ulikuwa kazi bure. Na ukiendelea kunywa nyingi kwa miaka mingi inaingia hadi kwa mifupa na viungo vinakauka. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nilipeleka maji maabara kwa chupa ya plastiki, nimeisuuza mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, na karatasi ikarudi imeandikwa 4.2.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize sana, maana watu wengi wakiona 4.2 wanauliza "hiyo ni mbaya?" na wanaishia hapo. Kujua maji yana kiasi gani ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni nani anayakunywa, anakunywa kiasi gani, na ana kilo ngapi. Nilikaa mezani usiku huo na kalkuleta ya simu, nyuma ya daftari la Ciru. Mume wangu ana kilo 70, anakunywa kama lita 2 kwa siku, hiyo ni miligramu 8.4, gawanya kwa 70 unapata 0.12 kwa kila kilo. Kijana wangu alikuwa na miaka 2, kilo 12, na ukiweka uji na chai pamoja anamaliza lita moja. 4.2 gawanya kwa 12, ni 0.35. Kiasi ambacho EPA, lile shirika la mazingira la Marekani, wanakitumia kama mpaka ni 0.06 kwa kilo kwa siku. Baba amepitisha mara mbili, mtoto karibu mara sita. Maji ni yale yale, tanki ni lile lile! Nikamwamsha mume wangu saa saba za usiku nikamwonyesha.

Haraka ile ikaniponza. Jamaa mmoja mjini akaniuzia filta ya bei, akaniambia inatoa kila kitu, na mimi sikuomba karatasi yoyote. Tukakunywa kwa amani miezi mitatu. Nilipopima maji ya ile filta ikarudi 4.1. Kumbe ilikuwa filta ya kuua vijidudu tu. Nikimpigia simu hashiki, na zile pesa zilikuwa za karo.

Kwa hivyo dada yangu wa Njoro, kuchemsha hakutoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke na yenyewe inabaki kwa sufuria, kwa hivyo inakolea zaidi. Dawa ya klorini pia haiigusi. Inayotoa ni filta ya makaa ya mifupa ya ng'ombe, na hapa Nakuru tuna bahati kwa sababu dayosisi ya Katoliki ilifanya hiyo kazi kwa miaka mingi, au zile mashine za kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando. Makaa hayo ya mifupa nayo yanachoka, usipopima tena unakunywa ukidhani uko salama. Sisi tunavuna maji ya mvua ya kunywa na kupikia, ya kisima ni ya kufua, kuoga na ng'ombe. Na magadi kwa githeri niliacha, kwa sababu nayo inabeba floraidi.

Na msifikiri ni Nakuru peke yake. Dada yangu yuko Kisumu, kisima chao ni kifupi na choo kiko hatua chache, pale cha kuuliza ni naitreti, kemikali inayotoka kwa uchafu wa choo, ambayo mpaka wake ni miligramu 50 kwa lita na wa kuchungwa ni mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo. Ukiwa Migori karibu na wachimba dhahabu uliza zebaki. Anza na kuangalia umezungukwa na nini, ndio ujue maabara wakupimie nini. Wazazi, tunapima udongo kabla ya kupanda mahindi, na mtoto tunamjazia kikombe hivi hivi tu! Pimeni. Pimeni kabla hamjasherehekea.

Ciru sasa ana miaka 13 na kwa picha za shule anafunga mdomo. Ndugu yake meno ya mbele yametoka meupe, nilikuwa nayakagua kwa tochi ya simu kila usiku.

Wewe wa Njoro, chukua chupa ya plastiki kesho asubuhi, fungua bomba liache limwagike dakika tano ndio ukinge. Angalia kilo za mtoto kwa kile kitabu cha kliniki. Karatasi ikitoka nitumie picha, hesabu tutapiga pamoja.