Jibu: Jaribio limetupa asilimia 58, turudishe posa?

Waalaykum salaam dada. Umesema wewe na mchumba wako wa Wete mmejaza jaribio la mapenzi kwenye simu, likawapa asilimia 58, na sasa unataka kurudisha posa. Subiri kwanza.

Angalia mliulizwa nini. Kama ni majina, nyota na rangi mnazopenda, namba hiyo haina uzito hata kidogo. Vipimo vya wataalamu vinauliza mengine. Cha Graham Spanier wa Marekani, cha mwaka 1976, kina maswali 32: mnagombana mara ngapi, mnakubaliana vipi kuhusu pesa na wakwe, mnacheka pamoja? Na hicho kinapima hali mliyonayo sasa, si ya miaka kumi ijayo.

Mimi na mume wangu tulitumia cha Arthur Aron: picha 7 za maduara mawili, kuanzia yasiyoingiliana hadi yanayokaribia kufunikana, unachagua inayofanana na nyinyi. Tulizichora nyuma ya tiketi ya boti, Mkoani, kila mtu akaficha jibu lake. Mimi ya 6, yeye ya 3. Nililia. Kumbe alikuwa na deni la karafuu hajaniambia, linamla moyo. Tulizungumza mpaka alfajiri.

Utafiti wa mwaka 2020, wa jozi zaidi ya 11,000 za wapenzi, ulikuta kinachoeleza kuridhika zaidi ni vile mtu anavyouona uhusiano wenyewe: mwenzangu kanuia kweli? Ananithamini?

Muulize hayo, shangazi awepo ikibidi. Posa iache ilipo.