Kome walinidanganya mara mbili, wewe wasikudanganye

Juzi usiku kijana mmoja wa Bagamoyo kanitumia picha za kome wawili wa mto Ruvu, mmoja mnene, mwingine bapa. "Shikamoo kaka, hawa si spishi mbili?" Nikabaki na simu mkononi, maana swali hilohilo mi limenila miaka.

Mi nilianzia mto Pangani. Kome wengine niliokota Korogwe kwenye maji yanayokimbia, wengine bwawani Hale kwenye tope, na magamba hayafanani hata kidogo, nikajiaminisha nina spishi mbili. Kumbe kosa la zamani hilo. Bourguignat, Mfaransa wa karne ya 19, alikuwa akiona gamba limepishana kidogo tu anatoa jina jipya, ndo maana kome mmoja wa Ulaya, Anodonta cygnea, ana mamia ya majina ambayo leo hayatumiki. Gamba linafuata maji. Kome yuleyule akikulia kwenye mkondo anatoka hivi, akikulia kwenye maji yaliyotulia anatoka vingine.

Basi nikasema vinasaba vitaamua. Sampuli zote nikazitia kwenye fomalini, maana ndo ilikuwa kabatini na mkubwa wangu wa maabara akasema haina neno. Ilikuwa na neno! Fomalini inaharibu vinasaba, mwaka mzima nikaambulia patupu. Tia ethanoli ya asilimia 95 jamani, na kesho yake ibadilishe, kwa sababu nyama ya kome ina maji mengi, inaizimua.

Mara ya pili nikatia ethanoli, ila nikawa nakata nyama popote kisu kinapoangukia. Nikasoma jeni ya COI, iliyo kwenye mitokondria, yaani vile vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati na vyenye vinasaba vyao wenyewe, yakaja makundi mawili yaliyoachana vibaya sana, nililia kwa furaha siku ile. Nikayapeleka kwenye mkutano. Mama mmoja mtafiti akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ulikata nyama ya wapi, na hao walikuwa madume au majike?" Sikuwa na jibu. Watu wakacheka, na kati yao alikuwepo mtu niliyekuwa namheshimu sana. Bado inaniuma, sifichi.

Iko hivi: sisi binadamu vinasaba vya mitokondria tunarithi kwa mama. Kome wengi wa jamii ya Unionidae sivyo, dume anachukua vya mama halafu anachukua na vya baba, na hivi vya baba unavikuta hasa kwenye korodani. Koo hizo mbili ziliachana zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kwa hiyo ndani ya dume mmoja unakuta tofauti kubwa kuliko iliyopo kati ya spishi na spishi. Ukichora mti wao, vya baba vya spishi mbalimbali vinakaa pamoja upande wao, vya mama upande wao. Spishi zangu mbili zilikuwa korodani na nyama ya kawaida.

Nikarudi Korogwe, nikarudi Hale. Safari hii nilikata ule utando mwembamba unaotanda gamba kwa ndani, kila kome huohuo, nikaandika jinsia ya kila mmoja, na nikasoma jeni ya kwenye kiini cha seli pia, siyo mitokondria peke yake. Wiki iliyopita majibu yametoka: spishi moja, mtoni na bwawani. Nimeipata mwenyewe, kwa mikono hii.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wote mnaotaka kuandika jina lenu kwenye spishi mpya, acheni pupa. Jina la spishi si zawadi ya kujipa. Ethanoli, utando, jinsia. Chukua tone la maji ya tezi za uzazi uliangalie kwa hadubini, ukiona mbegu za kiume ujue ni dume, na ukikuta matamvua yamejaa watoto hilo ni jike. Usiponiandikia jinsia usinitumie matokeo, sitayasoma.

Hao wawili wa Ruvu waache kwenye ndoo ya maji ya mtoni, kivulini, usiwafungue. Jumamosi naja Bagamoyo na ethanoli yangu.