Shule Yetu ya Usiku Haina Kengele

Mdogo wangu ameanza kidato cha kwanza mwaka huu, na juzi amepewa simu yake ya kwanza. Alipoingizwa tu kwenye grupu la darasa lao alinikimbilia kunionyesha: meseji zaidi ya 200 kwa jioni moja. Alikuwa na furaha tele. Mimi moyo ulinidunda, maana njia hiyo nimeipita na najua inakopeleka. Haya ninayoandika ni yake kwanza, kisha ya yeyote wa rika lake.

Wazazi husimulia kwamba enzi zao kengele ya mwisho ilikata kila kitu. Mkigombana mnaachana getini. Aliyekucheka darasani hakukufuata mpaka kitandani. Sisi kengele hiyo tunaisikia, lakini haikati chochote. Tunatoka shule ya mchana tunaingia shule ya usiku, ile iliyo ndani ya simu, na hiyo haina kengele, haina mwalimu wa zamu wala likizo. Nimeona wenzangu wenye akili nzuri wakiyumba mchana kwa sababu ya usiku, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kidato cha pili nilikuwa nalala na simu chini ya mto. Grupu letu lilianza na mambo ya maana: nani amenakili swali la nne, nani amepiga picha ubao kabla haujafutwa. Ikifika saa tatu usiku maswali yanakwisha, zinaanza video, stika na habari za nani kaonekana na nani. Nilijifunika shuka gubigubi, mwanga nimeupunguza hadi mwisho, sauti nimezima, kidole gumba kinapanda na kushuka. Pumzi zangu zilikuwa zinatia kioo ukungu. Nakifuta kwa mkono wa fulana, naendelea. Saa saba ilinikuta hapo mara nyingi. Na kesho yake ungeniuliza nimesoma nini, nisingekutajia hata vitu viwili. Sikuwa nafurahia. Nilikuwa naiogopa asubuhi: niingie darasani nikute watu wanacheka, mimi sijui wanachekea nini.

Mwaka 2016 jumuiya ya wataalamu wa usingizi ya Marekani, American Academy of Sleep Medicine, ilitoa mwongozo kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Mimi nilikuwa napata 5. Na mwili wenyewe hautusaidii. Mtu akibalehe, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka kwa kuchelewa usiku. Kwa hiyo kijana akisema saa tatu hana usingizi, mara nyingi anasema kweli, na wazazi wangejua hilo wangetugombeza kidogo kuliko wanavyotugombeza. Madaktari wa watoto wa Marekani walilitilia maanani: mwaka 2014 walipendekeza masomo ya sekondari yasianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Shule yangu huanza mapema kuliko hapo. Basi ukichukua mwili unaochelewa kulala, ukauongezea mwanga wa simu na msisimko wa grupu, kinachobaki ni kidogo sana. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Mimi nilikuwa nadaiwa usingizi, na kila kulipokucha mdai alikuwa mlangoni.

Kitu kingine kilinifungua macho. Mwaka 2006 mbunifu wa programu aitwaye Aza Raskin alibuni ule mtindo wa ukurasa usiokwisha, unaojipakia wenyewe kadiri unavyouburuza. Kabla ya hapo ukifika chini ya ukurasa ulibonyeza ili uende wa pili, na katika kubonyeza huko ulipata nafasi ya kujiuliza kama bado unataka. Nafasi hiyo iliondolewa. Raskin mwenyewe ameshasema hadharani kwamba anajutia. Nilipoyasoma haya nilitulia kwa namna ambayo sikuitegemea. Miezi mingi nilikuwa nimejiita mvivu, mtu asiye na msimamo. Sasa nikaelewa kwamba nashika kitu kilichoondolewa kengele na waliokitengeneza, na kazi yangu ni kuirudisha.

Kengele yangu ni hii: saa tatu usiku simu inakwenda kulala sebuleni. Nasema sebuleni, si mezani pangu ikiwa imezimwa sauti, wala kifudifudi kando ya kitanda. Hizo zote nilizijaribu na hakuna iliyomaliza wiki. Nilikuwa na kisingizio kizuri, kwamba simu ndiyo inayoniamsha, mpaka bibi akanipa saa yake ya mezani ya kutia ufunguo. Kisingizio kikaishia hapo. Kisha niliandika kwenye grupu: "Baada ya saa tatu sitakuwa hewani. Mwenye swali la kazi anitumie kabla." Vidole vilikuwa vinatetemeka wakati wa kutuma. Walijibu watu wawili. Mmoja alituma dole gumba, mwingine aliandika "sawa", na mazungumzo yakaendelea na mambo yao.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa ngumu, sitakudanganya. Nililala macho yakiwa darini, nikihisi darasa zima linanijadili. Halikuwa linanijadili. Kuna utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Cornell na kuchapishwa mwaka 2000 ambao natamani kila mwanafunzi aujue. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki waliyemwonea haya, wakaingizwa mmoja mmoja kwenye chumba chenye wenzao. Baadaye waliulizwa wanadhani ni wangapi wameitambua picha. Walikadiria karibu nusu. Waliotambua kweli walikuwa kama robo. Mdogo wangu, hebu rudia kusoma hapo. Lile jicho kubwa unalohisi linakutazama ukiingia darasani na viatu vilivyochakaa, au usipojua wimbo ambao kila mtu anaujua, nusu yake umelichora mwenyewe. Wengine nao wana hofu ya viatu vyao.

Nilipopata usingizi nikagundua tatizo la pili: nilikuwa sijui kusoma. Nilikuwa napiga msuli kwa kuyapitia madaftari mara tatu, mistari nimeipaka rangi ya njano na ya waridi, nikifunga daftari najiona nimeiva. Siku moja mwalimu wa Fizikia aliniita ubaoni nieleze sheria ya pili ya Newton kwa maneno yangu. Ukurasa niliuona kichwani, rangi ya njano niliiona, hata doa la wino pembeni. Maneno hayakuja. Nilisimama na chaki mkononi mpaka akaniambia nikakae.

Roediger na Karpicke, watafiti wa kumbukumbu huko Marekani, walilipima jambo hili mwaka 2006. Waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi wakipimwa baada ya dakika tano tu. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliokuwa wamefunga kitabu na kujaribu kukumbuka wenyewe ndio waliobakiwa na mengi. Na mtihani hauji baada ya dakika tano. Siku hizi nasoma ukurasa mmoja, nafunga, naandika kwenye karatasi tupu kila ninachokumbuka. Inaumiza, hasa mwanzoni, kwa sababu karatasi inabaki nyeupe na unajiona mjinga. Vumilia weupe huo. Kumbukumbu inajengeka pale unapohangaika kutafuta.

Kwa sababu hiyo hiyo siipi akili mnemba insha zangu iniandikie. Wapo wanaofanya hivyo darasani kwetu, na baadhi wanapata alama. Mimi naiomba iniulize maswali kumi kuhusu sura niliyosoma, najibu bila kuchungulia, kisha nasahihisha kwa kitabu, maana nayo hukosea kwa kujiamini sana. Lakini insha ndipo ninapojua ninachofikiri. Nikimpa mwingine aiandike, sijui nitakijulia wapi.

Sasa nije kwenye lililo zito zaidi kwangu.

Kidato cha pili hicho hicho, mwenzetu mmoja alipigwa picha akisinzia darasani, mdomo wazi. Kabla ya jioni ilikuwa stika. Sikuitengeneza mimi. Niliituma mara tatu, na mara ya tatu niliiongezea maneno yangu, watu wakacheka, nikafurahi kwamba nimechekesha. Sisi tuliisahau ndani ya wiki. Yeye alianza kuweka mkono mdomoni kila alipocheka, na aliuweka muhula mzima. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ule utafiti wa fulana ni wa kweli, lakini fulana huvuliwa. Stika inakaa kwenye simu arobaini, na siku yoyote mtu asiye na la kusema anaichomoa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujatuma uso wa mtu, jiulize kama ungeweza kumpa picha hiyo mkononi, ana kwa ana, huku akikutazama. Ukiona mwenzako anachekwa grupuni na huna ujasiri wa kusimama mbele ya wote, mwandikie yeye peke yake, hata maneno matatu. Na siku ukiwa wewe, usijibu usiku. Hifadhi picha ya skrini, weka simu sebuleni, asubuhi mwonyeshe mtu mzima unayemwamini. Njoo kwangu, au kwa mama, saa yoyote. Kwa hilo unaruhusiwa kuniamsha.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kumfuata. Nilimkuta nje ya maktaba akifunga kamba za viatu, nikamwambia, "Ile stika yako, mimi niliituma."

"Najua," alisema. "Jina la mtumaji linaonekana."

Akamaliza kiatu cha kwanza. Kisha, bila kunitazama, akaniambia kwamba wiki ile mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye aliyekuwa anakesha naye. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliniuliza kama ninalo daftari la Kemia la muhula uliopita, kwa kuwa kuna vipindi alivikosa.

Nilimletea kesho yake. Tangu hapo kila Alhamisi tunakaa maktaba tunaulizana maswali, daftari limefungwa katikati yetu. Akicheka siku hizi mkono unabaki mezani. Isipokuwa mtu akipita karibu na simu ameiinua. Hapo bado unapanda.