Ulipie ripoti ya historia ya gari used? Jibu kwa anayetaka Harrier ya yadini

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kulipia ripoti ya historia wakati muuzaji wa yadi ameshakutumia PDF ya Harrier ya 2014 yenye kilomita 68,000. Lipia, na hiyo PDF yake usiihesabu kabisa, maana kubadilisha tarakimu kwenye PDF ni kazi ya dakika chache. Ripoti ya maana ni ile unayoiagiza mwenyewe kwa namba ya chesesi, na namba hiyo uisome kwenye gari, siyo kwenye tangazo.

Wengi wanapoteza hela kwa kununua ripoti isiyohusu gari lao. Gari la soko la Japani halina VIN (namba ya utambulisho wa gari) ya herufi na tarakimu 17. Lina ZSU60, kistari, kisha namba ya mfululizo. Ukiipeleka Carfax, kampuni ya kuuza ripoti za historia ya magari, hupati kitu, wale wana rekodi za Marekani na Kanada. Kwa Harrier yako unatafuta karatasi mbili: hati ya kufuta usajili Japani kwa ajili ya kusafirisha gari nje, na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani Japani.

Hati ndiyo ya kilomita. Japani gari binafsi jipya hukaguliwa kwa lazima likifika miaka 3, kisha kila miaka 2 (wenyewe wanauita shaken), na kilomita huandikwa kila mara. Hati huonyesha kilomita za ukaguzi wa mwisho na tarehe yake, mara nyingi na zile za ukaguzi uliotangulia. Ukikuta 2019 ilisoma 81,200 na 2021 ikasoma 104,300, dashibodi ya leo haiwezi kusema 68,000. Hapo hakuna cha kujadili, hata kama viti vinang'aa.

Karatasi ya mnada ndiyo ninayoiamini zaidi kwa upande wa bodi, kwa sababu anayeijaza ni mkaguzi wa mnada, na hana cha kukuuzia wewe. Daraja huwa juu ya karatasi: 4 na 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo na mibonyeo ya kawaida, R au RA limewahi kupata ajali likatengenezwa. Herufi A hadi D ni hali ya ndani. Chini kuna mchoro wa gari wenye alama: A ni mkwaruzo, U kubonyea, W sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX sehemu iliyobadilishwa, S kutu. Namba inayofuata herufi ni ukubwa wa tatizo, kwa hiyo A1 ipuuze, W3 uliza.

Sasa mtego wake. Kwa hesabu za Wajapani, historia ya ajali ni fremu: nguzo za bodi, sakafu, paa, memba za chesesi. Boneti, fenda na milango ni vitu vya kufungua kwa bolti, havihesabiwi. Gari linaweza kuwa na XX kwenye boneti na kwenye fenda zote mbili, bado likapewa 4. Kwa hiyo soma mchoro, usiishie kwenye daraja.

Karatasi zote hizo zinakoma gari lilipoondoka Japani. Likigongwa Dar likanyooshwa mtaani, ripoti haijui. Fungua boneti uangalie bolti za fenda na bawaba: rangi iliyochubuka kwenye kichwa cha bolti maana yake spana imepita hapo. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Ukiwa na mstari wa tope, gari limezama majini. Kwenye fremu ya mlango wa dereva tafuta stika ya kubadilisha oili, gereji za Japani huandika kilomita pale na wachezea odometa wengine husahau kuibandua. Gia nayo haimo kwenye ripoti yoyote: endesha nusu saa, panda kilima, simama na uondoke mara kadhaa injini ikiwa ya moto, usikilize kuvuma na kushtuka kwa CVT (gia yake ya otomatiki).

Gari la Uingereza ni rahisi zaidi. Historia ya MOT (ukaguzi wao wa lazima wa magari) ni bure kwenye tovuti ya serikali yao, unahitaji namba ya usajili ya kule tu, na unaona kilomita (kwa maili) na kasoro za kila ukaguzi. Ajali za bima hazimo humo. Hizo ndizo za kulipia, na humo alama ya S (Category S, siyo ile S ya kutu ya mnada) ni uharibifu wa fremu.

Gari lililopitia Dubai likiwa na VIN ya tarakimu 17, hapo ndipo ripoti ya Marekani inalipa. Mengi yalinunuliwa kwenye minada ya magari ya ajali kule Marekani, na picha za ajali mara nyingi bado zipo mtandaoni ukiitafuta VIN. Angalizo: ripoti hizo huonyesha kilichoripotiwa tu, ajali iliyomalizwa kwa pesa taslimu haionekani.

Kama gari lilishasajiliwa Tanzania, linganisha jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayekuuzia, kisha angalia faini za trafiki kwa namba ya gari kabla hujatoa hata advansi.