Shati linaloachama kifuani na buibui linalofunuliwa na upepo: tiba za sindano na uzi

Dada aliyeuliza ameeleza kwamba shati lake la kazini huachama kati ya kifungo cha pili na cha tatu kila anapokaa, na kwamba buibui lake la vifungo hufunuka mbele akiwa kwenye boti ya kwenda Mokowe, upande wa bara. Hana cherehani, wala hataki kumpelekea fundi kila nguo. Mimi hushona kwa mkono nyumbani hapa Lamu, nguo zangu na za majirani, na naona afadhali nijibu kwa urefu, kwa sababu matatizo hayo mawili yanafanana kwa sura tu; chanzo cha kila moja ni chake.

Kabla ya kutunga uzi, livae shati lenyewe, ukae kitini, kisha unyooshe mikono mbele kama unayetaka kuandika. Tazama kitambaa kilicho kando ya vifungo. Ukiona mikunjo ya kulala inayotoka kwenye kifungo na kuelekea kwapani, shati limebana, yaani kitambaa hakitoshi. Ukiona uwazi mtupu usio na mikunjo, vifungo vimeachana mno. Hali hii ya pili ndiyo inayotibika kwa kishikizo cha ndani, yaani kifungo kidogo kinachofichwa kati ya vile vya kawaida. Katika ile ya kwanza, kishikizo kitauhamisha mvuto kutoka mahali pamoja hadi pengine, na kitambaa chepesi hatimaye kitachanika pale pale ulipokishona. Shati lililobana litafutiwe nafasi: lipindue, na kama lina vile vikunjo virefu vilivyoshonwa mgongoni ili kulibana kiuno, vifumue. Utapata nafasi nzuri ya kiuno na kidogo ya kifua, ingawa alama ya mshono wa zamani inaweza kubaki. Kama havipo, basi livae wazi juu ya fulana.

Tuchukue kwamba tatizo ni nafasi baina ya vifungo. Mashati mengi ya kiwandani, yakiwamo ya mitumba, hupangwa vifungo kwa vipimo sawasawa kutoka kola hadi chini, bila kujali kifua cha mvaaji kinafikia wapi. Kifungo kilipaswa kuwa mkabala na mahali kifua kinapojaa zaidi. Kikiwa juu yake na kingine chini yake, katikati patafunguka tu. Hapo ndipo panapohitaji kifungo kidogo cha kubonyeza, kile cha vipande viwili. Nusu yenye kinundu hushonwa upande wa ndani wa ukanda wa juu, yaani ule wenye matundu unaolalia mwenzake, na nusu yenye shimo hushonwa kwenye ukanda wa chini, ule wenye vifungo. Anza na yenye kinundu. Ikishashikamana, paka kinundu chaki, funga shati kama kawaida, kisha bonyeza kwa kidole: alama ya chaki itakuonyesha nusu ya pili ikae wapi, nawe hutahitaji kupima kwa macho.

Uzuri wa kazi hii umo katika kina cha sindano. Ukanda wa vifungo huwa na tabaka zaidi ya moja, kwa hiyo kwenye ukanda wa juu chota tabaka la ndani peke yake, ili mtu aliye mbele yako asione hata nukta ya uzi. Pitisha uzi mara nne katika kila tundu, kisha uupenyeze chini ya kifungo hadi tundu linalofuata badala ya kuukata. Kuhusu aina ya kifungo, hewa yetu ya chumvi haina huruma kwa chuma cha bei ya chini, nacho kikipata kutu huacha doa la kahawia kwenye shati jeupe. Tafuta cha shaba au cha plastiki, na hicho cha plastiki ukiepushe na pasi kali.

Lakini kama shati lako linavalika kwa kupitishia kichwani, mimi nisingehangaika na vishikizo. Ningeufunga ukanda wote kwa uzi, kuanzia kifungo cha pili hadi pindoni, kwa mishono midogo iliyofichwa chini ya ukingo wa ukanda wa juu, na vifungo vikabaki pambo. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, ujaribu kulivaa na kulivua, ndipo ushone mshono wa kudumu.

Liangalie pia tundu lenyewe la kupitishia kifungo. Kwenye mashati, matundu mengi hukatwa wima, hivyo kifungo huweza kuteleza juu na chini. Likiwa limelegea kwa kufuliwa, kifungo huchomoka chenyewe. Mishono miwili mitatu ya kuzungushia kwenye ncha moja ya tundu hulipunguza vya kutosha. Pini sizipendi kwa kazi hii, kwani hutoboa na kushika kutu, na utepe wa gundi huachia kwa jasho la kwetu kabla ya adhuhuri.

Sasa buibui. Hapa hakuna kilichobana. Ni upepo, hasa wakati wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, unaoingia kwa chini na kuzitenganisha pande mbili za mbele. Wengi hukimbilia kuongeza vifungo vya kubonyeza hadi chini kabisa, halafu wakashindwa kupiga hatua wanaposhuka kwenye boti, au vifungo vikafyatuka vyote kwa mpigo. Ongeza vifungo hadi kwenye magoti pekee. Kuanzia kiunoni kwenda chini tia kipande cha ndani: kitambaa cheusi chenye upana wa kiganja, kilichopindwa kingo zake, kikashonwa kwa mshono wa kurudi nyuma (sindano hurudi nyuma hatua moja kabla ya kutokea mbele) kwenye ukingo wa upande unaokaa chini, kikitokeza kuelekea upande wa pili. Pande zikiachana, kitakachoonekana ni kitambaa hicho, wala si gauni lako. Wapo wanaotia sarafu kwenye pindo ili liwe zito. Hupiga miguu kwenye ngazi, nami sioni faida yake.

Shingo ya gauni la kukunjia mbele ina kasoro nyingine: ukingo wake hukatwa mshazari, na kitambaa kilichokatwa hivyo hurefuka kadiri kinavyovaliwa. Shonea kwa ndani utepe mwembamba wa pamba uliokuwa mfupi kuliko ukingo kwa sentimita moja hivi, ukigawa huo ulegevu kidogo kidogo, na shingo itarudi kifuani.

Uwazi wa juu ya zipu hutibiwa kwa kulabu ndogo na kitanzi cha uzi, na kitanzi hicho hicho ndicho kinachofaa kwa kanzu ambayo kitanzi chake cha shingoni kimekatika. Pitisha uzi mara nne kati ya nukta mbili, ukiuacha ulegee kiasi cha kifungo kupita, kisha uuzungushie mishono ya fundo (kila mara sindano ipite ndani ya kitanzi cha uzi wake) iliyobanana kutoka mwanzo hadi mwisho. Unapozungushia, tanguliza upande wa sindano wenye tundu badala ya ncha, ili usizipasue zile nyuzi nne.