Mkuu, usishuke Songosongo na hizo milioni 8 kabla hujasoma hapa

Salamu baadaye. Umeniandikia kwamba una milioni 8 na unataka kwenda kisiwa cha Songosongo, kule Kilwa, kununua mzigo. Umeuliza mambo manne: leseni, ununue boti au ukodi, pweza au mwani, na kama huu uchumi wa buluu, yaani biashara ya bahari, unalipa kweli au ni maneno ya majukwaani. Halafu katikati ukachomeka kasentensi kadogo: "barafu nitapata hukohuko". Nilipofika hapo niliweka simu chini nikaenda kunywa maji. Hayo maneno niliyasema mimi, Julai 2018, nimevaa miwani ya jua kama mkurugenzi. Yalinila shilingi 3,140,000, na hiyo ni hesabu ya pesa tu, harufu sijaiweka.

Barafu kwanza, samaki baadaye. Usinunue hata kilo moja ambayo barafu yake hujaiona kwa macho, ukaishika, ikakuchoma vidole. Nitarudia hili mpaka unichoke.

Mimi niliharibikia kwenye semina. Hoteli nzuri, maji ya chupa, kibegi cha kubebea makaratasi. Mtoa mada tai imemkaba, anatuonyesha ukutani: pwani yetu kilomita 1,424, bahari kuu kilomita za mraba 223,000, pweza wetu analiwa Italia na Ureno. Namba ni za kweli, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba yule bwana alizungumzia samaki saa mbili nzima na neno barafu halikumtoka mdomoni, ila pale alipomwambia mhudumu amwongezee kwenye juisi. Nikanyoosha mkono nikauliza mzigo unatokaje kisiwani. Akajibu hizo ni changamoto ndogondogo za mnyororo wa thamani. Nikaandika kwenye daftari, nikapigia na mstari: ndogondogo.

Wa pili kunidanganya ni wakala aliyekuwa ananunulia kiwanda kimoja cha Dar. Huyu sikuwahi hata kumwona sura. Kwenye simu sauti tamu: "Wewe leta tu bosi, hata tani tunachukua." Mdogo wangu, ukisikia mtu anakuita bosi kabla hajakuona, shika mfuko. Kweli wanachukua tani. Ila kuna mtu mlangoni mwa kiwanda, amevaa koti jeupe na buti za mpira, kazi yake ni kukataa. Na usimlaumu sana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilifunga mlango kwa sangara wa Ziwa Victoria, viwanda vya Mwanza vikasota, tangu hapo kila anayeuza nje anajua mzigo mmoja mbovu unaweza kumfungia. Kwa hiyo ubovu wako haupiti pale. Unabaki na wewe.

Pweza hana ratiba ya ofisini. Anachokolewa mwambani maji yakitoka sana, yaani bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo wanawake, wanaume, watoto, kisiwa kizima kiko mwambani na vijiti. Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo maji hayatoki sana, kimya. Maana yake pweza wote wanatua pwani ndani ya siku zilezile chache, na kila mnunuzi anatafuta barafu siku hizohizo. Tarehe uliyotaja ya kusafiri nimeiangalia kwenye kalenda: ni bamvua. Wewe umefurahi kwamba mzigo utakuwa mwingi. Mimi nimeona foleni ya barafu.

Nilifika Songosongo na madeli manne, yale makasha ya kutunzia baridi, na mifuko 60 ya barafu niliyokusanya Kilwa Masoko, hii ya kugandisha kwenye friza za majumbani, shilingi 2,000 mfuko, kilo mbili na nusu kila mmoja. Kilo 150 kwa jumla, na mimi nikajiona nimejipanga. Pale pwani alikuwepo mama mmoja mtu mzima, kanga kaifunga kiunoni, anageuza pweza kichwa nje ndani, anatoa matumbo na kile kifuko cha wino, mkono hausimami. Akanitazama, akatazama madeli yangu.

"Mwanangu, barafu yako iko wapi?"

Nikamfungulia deli moja kwa madaha. Akachungulia. Hakusema kitu. Akaguna, akaendelea na pweza wake. Ile guna ingekuwa na bei ningeilipia milioni moja papo hapo, ningeokoa mbili.

Nikanunua kilo 610 kwa shilingi 6,500. Piga hesabu, 3,965,000. Mtu mwenye barafu ya kilo 150 ananunua pweza kilo 610! Kanuni inayofahamika kwenye nchi za joto ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, na safari ikiwa ndefu unaongeza. Mimi nilikuwa na robo. Nilijua? Nilijua nusunusu. Niliona mzigo unakuja, wanawake wamepanga foleni na ndoo, kila mmoja ananiita tajiri, nikaona aibu kusema basi inatosha. Aibu ya dakika tano.

Na hata hizo kilo 610 hazikuwa 610. Pweza ukimloweka kwenye maji baridi, namaanisha maji yasiyo na chumvi, anayanywa na kuvimba. Baadhi ya ndoo zilikuwa na maji ya kisima. Nilipima maji ya watu kwa bei ya pweza. Dar mzani ulisoma 548. Siwalaumu sana, na mimi ningekuwa na njaa ningeloweka. Ila wewe pima pweza aliyechuruzika, mwinue kwa mkono kwanza. Na ukimpanga kwenye barafu mtie kwanza mfukoni, asilale kwenye maji ya barafu inayoyeyuka, maana huko pia ananywa na nyama inalegea.

Tulitakiwa kuondoka saa kumi alfajiri. Upepo wa kusi ukaamka kabla yetu. Nahodha akatazama bahari, akakaa chini, akawasha sigara, nikajua hapa hakuna safari. Tulisubiri mpaka kesho yake. Huo usiku, mkuu, nilikuwa nafungua deli kila nusu saa kuangalia kama barafu ipo, na kila nikifungua ndiyo naimaliza. Hiyo pia andika: deli halifunguliwi kwa ajili ya wasiwasi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kisiwa chenyewe ni kile kinachotoa gesi ya kufua umeme wa Dar tangu 2004. Nimekaa juu ya gesi inayowasha friza za Masaki, na mimi natembea nyumba kwa nyumba na tochi kuuliza nani ana barafu. Waliokuwa nayo walikuwa mawakala wa zamani, makasha yao makubwa yamejaa, na hawakuniuzia. Ningekuwa mimi nisingeuza. Usiku ule ndipo nilipoelewa kwa nini bei ya pwani anaipanga wakala mwenye barafu na siyo mvuvi. Wavuvi wengi wanamuuzia kwa sababu kawakopesha vifaa, hilo kila mtu analisema. Lakini hata asiye na deni anamuuzia yeye, maana pweza akishatoka majini saa zinaanza kuhesabu, na mwenye barafu ndiye pekee asiye na haraka.

Basi tukavuka. Kilwa Masoko nikapakia kwenye lori la Kenta, mzigo umefunikwa turubai, barafu iliyobaki ingetosha glasi nane za juisi ya yule mtoa mada. Nangurukuru, Somanga, tukapata pancha karibu na Ikwiriri jua la mchana liko utosini. Dereva anafungua nati taratibu anapiga mluzi. Kuna maji mekundumekundu yanadondoka kutoka nyuma, na nzi wa Rufiji nzima wamepata taarifa. Ile methali ya samaki mmoja akioza wote wameoza, aliyeitunga nadhani alikuwa amepanda Kenta yangu.

Kiwandani yule wa koti jeupe alishika pweza wa kwanza, akamnusa, akamgeuza. Pweza mzima ngozi yake ina madoa ya kahawia na kijivu, inang'aa. Wangu walikuwa wa pinki. Wazuri kwa macho, kama kitambaa cha harusi. Pinki kwa pweza aliyekufa ni habari mbaya. Alichagua kilo 140 kutoka deli lililokuwa na barafu nyingi, akalipa 9,000, akaniambia nyingine nizitoe nje ya geti haraka. Nikampigia "leta tu bosi". Hapatikani. Mpaka leo hapatikani.

Nikakimbilia Feri, soko la samaki la Dar. Kilo 250 zikaenda kwa wauza supu kwa shilingi 2,000, nao walikuwa wananionea huruma. Kwa siku mbili wanaume wa Dar walikunywa mtaji wangu kwa kuamini unaongeza nguvu. Mimi zangu ziliisha. Kilo 158 zilizobaki nililipa vijana wakazifukie. Hesabu kamili: manunuzi 3,965,000, mashua 180,000, Kenta 550,000, barafu 120,000, chakula na mengineyo 85,000. Jumla 4,900,000. Kilichorudi 1,760,000. Angalia hapo tena: kwenye mzigo wa karibu milioni tano, barafu nilitengea laki moja na ishirini. Nilitumia zaidi kwenye mashua iliyosimama.

Mke wangu hakusema kitu. Alinunua dagaa siku hiyo, akawaweka mezani, akanitazama.

Sasa usije ukadhani nasema biashara ya bahari haina kitu. Ina pesa. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema karibu asilimia 35 ya samaki duniani hupotea au kutupwa kabla ya kuliwa, na mimi nimechangia kilo 158 kwenye hiyo takwimu. Huko kwenye kupotea ndiko kwenye nafasi. Kila mtu anataka kuvua zaidi, kununua boti kubwa, kuongeza nyavu, wakati waliokwisha kuvuliwa wanaozea njiani. Boti yako itakuletea samaki wengi zaidi wa kuoza.

Nilichofanya mimi 2020, baada ya kulipa madeni, ni kununua friza mbili za mitumba Kilwa Masoko, na sikununua pweza hata mmoja. Niligandisha maji. Miezi mitatu ya kwanza watu walinicheka, "mzee wa pweza sasa anauza maji". Bamvua ya kwanza ilipokuja wakapanga foleni mlangoni kwangu. Umeme unauma, nakiri, na ukikatika usiku naamka kama nina mtoto mchanga. Sasa hivi friza ziko tano. Na nikimwona kijana amevaa miwani ya jua anaulizia mifuko 60, namuuliza kwanza ananunua kilo ngapi. Wengine wananijibu vibaya.

Kuna bandari ya uvuvi pale Kilwa Masoko, jiwe la msingi liliwekwa 2023, mradi wa shilingi bilioni 266, na mipango yake ina mitambo ya barafu na vyumba vya baridi. Wadau wanashangilia. Na mimi nashangilia, ila kwa jicho moja, lile lingine liko kwenye friza zangu tano.

Kama pweza bado amekukaa kichwani, fanya hivi. Safari ya kwanza usibebe pesa za kununulia. Nenda na nauli, kaa bamvua nzima, hesabu nani ana makasha, barafu inatoka wapi, inafika na kiasi gani. Uliza pia kama mwamba wao umefungwa, maana Songosongo na Mafia vijiji vimewahi kufunga maeneo kwa miezi mitatu ili pweza wakue, unaweza kufika ukakuta hakuna wa kununua. Walio chini ya nusu kilo usiguse, sheria hairuhusu. Safari ya pili chukua barafu yako ya vipande kutoka Dar kwenye kasha lenye kuta nene, pima barafu kilo ngapi, toa ile itakayoyeyuka njiani, kinachobaki ndicho kiasi cha pweza utakachonunua. Ikibaki kilo 80, unanunua 80. Wakikuita tajiri, itikia, kisha funga kasha.

Leseni uliuliza, eeh. Anzia ofisi ya uvuvi ya wilaya, watakueleza cha kununulia na cha kusafirishia. Mwani sijui, muulize mtu wa Paje, Zanzibar, wanakolima mwani.

Umesema wakala anataka advansi ya milioni mbili ifike Ijumaa ili "akushikie mzigo". Muulize swali moja tu: anaushikia ndani ya nini? Akikuita bosi, kata simu.